Makubaliano ya ndoa ya matibabu: uchambuzi wa kisa cha marafiki wawili

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilipitia ofisi ya msaada wa kisheria katika mji mmoja wa Tanzania Bara. Majina hayamo, mkoa hautajwi, na mambo madogo madogo yanayoweza kuwatambulisha wahusika yamebadilishwa. Mwenyewe aliyebaki ameridhia kiandikwe. Nawaandikia hasa wasaidizi wa kisheria wenzangu, kwa sababu watu wanaoulizia ndoa ya namna hii, yaani marafiki kuoana bila mapenzi ili mmoja atibiwe kwa bima ya mwenzake, ni wengi kuliko tunavyodhani, na mara nyingi wanafika kwetu wakiwa wameshasaini kitu.

Usuli

Mwanamke nitamwita Mwalimu, mwanamume nitamwita Fundi. Hata wao waliitana hivyo, ingawa Mwalimu alizoea pia kumwita mwenzake "kaka", na neno hilo lilikuja kumletea shida.

Mwalimu alikuwa na miaka 41, mwajiriwa wa serikali katika shule ya msingi, ametalikiwa, ana binti wa miaka 12 na mama mzee anayemtegemea. Fundi alikuwa seremala wa miaka 44. Walifahamiana shuleni, Fundi alipopewa kazi ya kukarabati madawati, wakashibana. Mwalimu alipokuwa kwenye kesi ya talaka, Fundi ndiye aliyempeleka mahakamani kwa pikipiki yake na kumngojea nje. Mapenzi hayakuwahi kuwapo baina yao, na wote wawili walilisema hilo bila aibu wala kujitetea.

Fundi alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 9. Mama wa mtoto waliishi naye nyumba moja miaka sita bila kufunga ndoa, kisha mama akaondoka na mtoto kwenda mkoa mwingine, akaanza maisha na mtu mwingine.

Halafu figo za Fundi zikafeli. Daktari alitaka asafishwe damu mara tatu kwa wiki. Fundi alimudu mara mbili, wiki nyingine mara moja. Aliuza mashine ya kuranda mbao, akauza pikipiki, akaanza kukopa. Alikuwa amejiunga na CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, uliokuwa wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, lakini huduma ya kusafishwa damu haikuwamo. Kifurushi cha bima binafsi alichoulizia kilikuwa na muda wa kusubiri, na mgonjwa wa figo hana muda wa kusubiri.

Mwalimu, kama watumishi wengine wa umma, alikuwa mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Kwenye mfuko huo mwanachama anaandikisha mwenza na wategemezi wasiozidi wanne. Yeye alikuwa ameandikisha binti na mama. Nafasi ya mwenza ilikuwa tupu tangu talaka.

Mambo yalivyokwenda

Wazo lilikuwa la Mwalimu. Alimwambia mwenzake wodini, "Kaka, nafasi ya mwenza kwenye bima yangu iko wazi. Tukaandikishe bomani, utibiwe." Fundi alikataa kwa wiki kadhaa. Hofu yake haikuwa sheria; alihofia kumfungia rafiki yake njia, kwamba akitokea mwanamume wa kumwoa kweli atamkuta ni mke wa mtu.

Ili kumtuliza, wakaandikiana. Walikwenda stesheneri ya karibu na stendi, wakalipa shilingi 2,000 kuchapiwa ukurasa mmoja. Wakasaini kwa kalamu ya bluu, akasaini shahidi mmoja, mwalimu mwenzake, kisha wakaupeleka ofisi ya serikali ya mtaa ukapigwa muhuri. Ofisi ikabaki na nakala, kama ilivyo kawaida yake. Baada ya hapo ndipo walipokuja kwetu. Walichokitaka kilikuwa kidogo tu: muhuri wa wakili ili karatasi "iwe na nguvu".

Karatasi yenyewe

Inafaa kuisoma kwa utulivu, maana nimeshaona nyingine mbili zinazofanana nayo. Kichwa chake kilikuwa MAKUBALIANO YA NDOA YA MATIBABU, na chini yake vipengele vitano.

Cha kwanza kilisema ndoa ni kwa ajili ya bima tu, "na si vinginevyo". Hiki ndicho kibaya kuliko vyote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, inaitambua ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Haiulizi kama wanapendana wala kama walitongozana, ila nia ya kudumu inaitaka. Anayeandika kwamba hana nia hiyo, kisha akapeleka cheti cha ndoa kwenye mfuko wa bima, amejitengenezea mwenyewe ushahidi wa udanganyifu.

Cha pili: kila mtu na maisha yake, hakuna wivu. Kati yao wawili sawa, lakini sheria inampa mume au mke haki ya kumdai fidia mtu wa tatu aliyezini na mwenzake. Huyo bwana ambaye Fundi alimwogopea angeweza kushtakiwa, ingawa madai hayo hutupwa ikionekana kwamba mdai mwenyewe aliridhia uzinzi.

Cha tatu: hakuna kugawana mali. Hapa walikuwa na hoja, pengine bila kujua. Kifungu cha 58 kinasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali, na kinatoa nafasi ya wanandoa kukubaliana. Kiwanja cha Fundi na nyumba yake isiyoezekwa vilikuwa vyake tangu zamani. Mali inayochumwa ndani ya ndoa ni jambo jingine. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kuigawa, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983 kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Kumuuguza mgonjwa miaka miwili si kazi ndogo.

Cha nne: hakuna kurithiana. Nilimuuliza Mwalimu: na wewe ukitangulia? Alinyamaza. Katika mazungumzo yao yote mgonjwa ndiye aliyekuwa wa kufa. Hakuwahi kufikiri kwamba yeye akifa kwa ajali ya basi, Fundi ndiye mgane, na ndiye atakayesimama pamoja na binti yake kwenye mirathi na mafao. Jambo hilo linarekebishwa kwa wosia, si kwa karatasi yenye muhuri wa mtaa.

Cha tano: tutaachana baada ya miaka miwili au mgonjwa akipandikizwa figo, lolote litakalotangulia. Talaka ya kupeana mkono haipo katika Sheria ya Ndoa. Shauri halifunguliwi kabla ya miaka miwili ya ndoa isipokuwa kwa ruhusa maalumu ya mahakama, kwa kawaida lazima kwanza mpite Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na mahakama inataka kuridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Hawa wawili wangeeleza nini barazani? Kwamba hawajawahi kugombana?

Uamuzi na sababu zake

Muhuri tuliwanyima. Tukawaambia wachague moja kati ya mawili: ama wasioane na watafute njia nyingine ya matibabu, ama waoane ndoa kamili wakiyapokea yote yanayokuja nayo. Kila mmoja tulizungumza naye peke yake, na swali kuu lilikuwa fupi: mnaoana hadi lini?

Mwalimu alijibu kwamba hana mpango wa kuolewa tena na mtu mwingine, kwamba Fundi ndiye mtu anayemtegemea kuliko ndugu zake, na akipona hatakuwa na sababu ya kumwacha. Fundi alijibu mara ya kwanza "hadi nipone". Tukamrudisha nyumbani. Alikaa karibu mwezi, kisha akarudi na jibu jingine: kama Mwalimu haoni ubaya wa kuzeeka na fundi mgonjwa, na yeye haoni. Je, alisema hivyo kwa sababu alishajua jibu tunalolitaka? Inawezekana. Sisi si wapima mioyo. Tuliangalia matendo: kwa muda huo alikuwa amekwenda mwenyewe kwa mjomba wa Mwalimu kujitambulisha, jambo ambalo hakuna aliyemwagiza.

Mjomba alidai mahari. Kisheria kutolipa mahari hakubatilishi ndoa, lakini Fundi alipeleka shilingi 50,000 na doti ya kanga, na kwa maoni yangu fedha hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko ushauri wetu wote. Kuanzia siku hiyo upande wa mke ukaihesabu ndoa kuwa ndoa.

Kanisani hawakuweza, kwa sababu ya talaka ya Mwalimu. Wakaenda bomani na kutoa notisi ya siku 21. Dada mkubwa wa Fundi aliposikia tangazo alimpigia simu mama wa mtoto, naye akaja kuweka pingamizi. Hoja yake ilisimama juu ya kifungu cha 160: mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawachukulia kuwa mume na mke, huchukuliwa kwamba wameoana. Dhana hiyo inaweza kukanushwa, na hapa ilikanushika kirahisi, maana mwenyewe alikuwa anaishi na mwanamume mwingine. Ila tulipokaa naye ikaonekana hakutaka umke. Alitaka nyumba isiyoezekwa isiende kwa mke mpya, mwanawe akabaki mikono mitupu. Fundi akaandikishana naye matunzo ya mtoto mbele ya afisa ustawi wa jamii na kuahidi wosia. Pingamizi likaondolewa. Ndoa ikafungwa, karatasi ya stesheneri ikachanwa mbele yetu.

Matokeo

Kadi ya bima ilitoka baada ya wiki chache, na Fundi akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki kama alivyoandikiwa. Alirudi kazini kwa kazi nyepesi, fremu za picha na stuli. Alihamia kwa Mwalimu, akapewa chumba chake peke yake, binti akahamia chumba cha bibi yake. Kwa zaidi ya mwaka mambo yalikuwa mazuri kuliko walivyotarajia. Wosia alioahidi aliuchelewesha sana, akauandika akiwa amelazwa, nakala moja akaiacha kwa paroko wake.

Akafariki kwa maambukizi.

Kikao cha ukoo kilikaa baada ya matanga. Kwenye muhtasari Mwalimu hakuandikwa. Mdogo wa marehemu akafungua shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo, Mwalimu akaweka pingamizi na cheti chake cha ndoa. Ndipo ikatokea picha kwenye simu: ile karatasi ya makubaliano. Iliyochanwa ilikuwa nakala yao, ya serikali ya mtaa ilibaki kwenye faili, na dada wa marehemu aliijua njia ya kuipata. Maneno ya ndugu yalikuwa makali. Huyu hakuwa mke, alikuwa kadi. Walilala vyumba viwili. Mke gani anamwita mumewe "kaka"?

Hakimu alitaka tarehe. Karatasi ilitangulia ndoa kwa zaidi ya miezi miwili, na cheti kilikuja baadaye. Aliwashauri wakazungumze kabla hajaamua. Wakapatana: mdogo wa marehemu awe msimamizi, Mwalimu aandikwe mjane, nyumba na kiwanja viende kwa mtoto kama wosia ulivyosema, vifaa vya kazi apewe kijana aliyekuwa akijifunza ufundi. Mwalimu aliacha kudai kitu chochote katika ardhi, akachukua kabati na kitanda ambavyo marehemu alimtengenezea.

Uchambuzi

Nianze na lile ambalo kwenye makaratasi ya mahakama halimo. Mwalimu hakuacha madai yake kwa kuwa sheria ilimnyima. Aliyaacha kwa hofu. Nje ya mahakama mmoja wa ndugu alimwambia kwamba ile picha itapelekwa kwenye mfuko wa bima na kwa mwajiri wake. Mtu ambaye nidhamu yake iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, ana binti sekondari na mama wa kulisha, hangoji kuona kama tishio ni la kweli. Hata kama kiwanja angekiachia mtoto kwa hiari yake, na nadhani angekiachia, alistahili kukiacha akiwa hana woga.

Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa kumlinda Mwalimu ndiyo iliyomfunga. Kuichana hakukutosha. Tangu hapo, mteja akija na maandishi ya namna hii, utaratibu wetu ni kuuliza ilichapwa wapi, ilipigwa muhuri wapi, nani ana nakala, nani aliipiga picha. Kisha wahusika wanaandika tamko la kuyafuta makubaliano, lenye tarehe, na linapelekwa kila mahali nakala ilipobaki. Tamko hilo haliandikwi kufunika udanganyifu. Linaandikwa pale tu watu wamebadili nia kweli. Kama hawajabadili, hatuendelei nao.

Notisi ya siku 21 watu wengi huiona usumbufu, na kuna wanaoulizia namna ya kuikwepa. Hapa iliokoa mengi. Bila tangazo, mama wa mtoto angejitokeza msibani, na ugomvi wa mirathi ungekuwa wa pande tatu. Pingamizi lake ndilo lililozaa makubaliano ya matunzo na baadaye wosia.

Suala la vyumba viwili liliwatesa sana ndugu, nalo kisheria halikuwa na uzito waliodhani. Ndoa ambayo wanandoa hawakukutana kimwili inaweza kubatilishwa katika mazingira fulani, lakini kwa maombi ya mmoja wa wanandoa wenyewe, na mpaka mahakama iibatilishe ni ndoa halali. Wifi hana nafasi ya kuuliza.

Kilichokwama zaidi ni upande wa mume. Kwa upande wa Mwalimu utambulisho ulifanyika, mjomba akapokea mahari, lakini Fundi hakuwahi kuwakalisha dada na mdogo wake akawaambia kwa kinywa chake, "Huyu ni mke wangu." Aliwaonea aibu. Alijua watasema ameolewa badala ya kuoa. Ndugu wakaijua ndoa kwa tangazo la bomani, na wakaielewa kwa karatasi. Marafiki wanaooana bila mapenzi wanahitaji kutambulishana kwa ukoo kuliko wapenzi, kwa sababu hakuna dalili nyingine ambayo jirani ataiona akasema hawa ni mume na mke.

Je, marafiki waoane kwa ajili ya bima, mafao au ardhi? Mimi siwakatazi. Ndoa zilizofungwa kwa sababu ya shamba, ng'ombe au kuunganisha koo zimejaa katika historia zetu, na hakuna aliyeziita za uongo. Ninachokataa ni kuchukua bima na kuacha mengine. Ukishatoka bomani una shemeji, una mirathi, una nyumba ya ndoa usiyoweza kuiuza bila mwenzako kuridhia, una deni la kumtunza mwenzako akishindwa kazi. Kama ukiorodheshewa yote hayo bado unamtaka mtu huyo, basi sababu ya kwanza iliyokuleta haina neno.

Kabla ya kufika bomani

Kuna mlango ambao Fundi hakuubisha mapema. Hospitali za serikali zina maafisa ustawi wa jamii wanaopima hali ya mgonjwa asiye na uwezo na kupendekeza msamaha wa gharama. Alipelekwa kwao tulipomwelekeza sisi, akapata msamaha wa sehemu ya vipindi kwa muda. Haukutosha kuziba pengo, lakini kama angeanza huko pengine mashine ya kuranda isingeuzwa.

Na kuna marafiki ambao bomani si njia yao kabisa: aliye na ndoa nyingine ya mke mmoja, au wanawake wawili waliolea watoto pamoja miaka ishirini, kwa kuwa sheria yetu inataka mwanamume na mwanamke. Kwao kadi ya bima ya mwenza haipatikani, na si haki kuwapa matumaini. Ila mengi ambayo watu huyatafuta kwenye cheti cha ndoa yanapatikana bila cheti. Anayetaka rafiki amshughulikie benki au kwenye kiwanja akiwa amelazwa, anaandika mamlaka ya uwakili kwa wakili. Kwenye SACCOS na vikoba kuna fomu ya kuandika jina la mteule, na wengi hujaza jina la kaka waliyeacha kuongea naye kwa sababu tu fomu ilijazwa zamani. Anayetaka rafiki apate kitu baada yake anaandika wosia, mbele ya mashahidi ambao si warithi, na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wanauandika na kuuhifadhi. Tahadhari moja ambayo wateja wetu huisahau kila mara: mamlaka ya uwakili yanakoma siku aliyeyatoa anapofariki. Rafiki anayekwenda benki na karatasi hiyo baada ya mazishi anajiingiza matatani, hata kama marehemu alimwachia namba ya siri kwa mdomo wake.